Bahari ya Juu ya Meza

4 Machi

Mwanangu Kijino,

Jana niliona simu ikitetemeka mezani nikajua ni wewe, lakini masikio yangu niliyaacha karakana ya reli pamoja na zile nyundo. Tuandikiane tu. Basi la mizigo linapita kwenu na kwetu kila wiki, na dereva wake ni mtu wangu.

Habari kubwa ni kwamba nimeanza meza ya treni, na safari hii si utani. Wastaafu wa reli tunafungua ukumbi wetu mwezi wa sita, na kila fundi anatakiwa alete kitu alichokiunda kwa mikono yake. Yule mwenzangu wa boila analeta kengele inayopigwa na mvuke, sasa kazi kwetu tusio viziwi vya kutosha. Mimi naleta ule mji wa pwani tulioenda likizo. Stesheni nimeshaisimamisha. Reli inazunguka kilima, inapita nyuma ya nyumba ya wageni, ile ya ghorofa yenye roshani, kisha inashuka hadi ufukweni. Vibanda vya kubadilishia nguo nimevipaka kila kimoja rangi yake, kama vilivyokuwa.

Injini ninayo, ya umeme mdogo, na mabehewa matatu. Sina watu. Na wewe unayechonga meno ya watu kutwa nzima utashindwa na mtu mzima mwenye kimo cha ukucha wa kidole gumba? Nifanyie abiria wachache, halafu utufanyie sisi wanne: mimi, mama yako, wewe na mama mdogo wako. Ilikuwa likizo yetu ya kwanza na mama yako hakuona nyingine. Nataka tuwe pale.

Meza imejaa chumba chako chote. Kitanda chako nimekitoa. Usinune.

Baba yako

17 Machi

Baba, shikamoo.

Kitanda umekitoa bila hata kuniuliza! Haya, nimekusamehe kwa sababu ya vibanda vya rangi.

Hawa hapa watu. Nimewachonga kwa nta, nikawamimina kwa plastiki ileile tunayotengenezea ufizi wa meno bandia, nikatia rangi ya kahawia. Kwa hiyo usishangae ukiona mji mzima unatabasamu. Mkuu wa maabara alinikuta wakati wa chakula cha mchana nimemshika mtu kwa koleo akauliza, "Huyu naye anataka meno?" Nikamwambia huyu anakwenda likizo.

Nimewafungia kwenye pamba, kila mmoja na kikaratasi chake. Mama amekaa kwenye kiti cha kukunja, na shali. Wewe umesimama nyuma yake na ile kofia yako ya majani. Mama mdogo amepiga magoti mchangani, anajenga na mimi. Ndivyo ninavyokumbuka, au ndivyo ninavyotaka kukumbuka, maana nilikuwa na miaka saba na macho yangu yalikuwa kwenye ndoo.

Sura sijazipaka. Nilijaribu uso wa mama mkono ukagoma. Wewe ndiye unayezikumbuka, uzipake wewe, kwa brashi ya unywele mmoja.

Mwezi wa nne nina likizo ya wiki mbili. Nakuja. Nitalala chini ya meza kama fundi wa reli.

Kijino wako

29 Machi

Mwanangu,

Wamefika salama, hata mmoja hajavunjika shingo. Mikono hiyo umeirithi kwangu, wanaosema umeirithi kwa mama yako waendelee tu kusema.

Mwezi wa nne usije. Nyumba inapakwa rangi, harufu yake itakuua na kifua chako hicho. Halafu nina kazi kubwa zaidi ya kukupa, na huwezi kuifanya huku, vifaa viko kwenu. Nataka bahari. Nilijaribu kioo, kikawa kama meza ya kinyozi. Nilijaribu plasta iliyopakwa buluu, ikawa kama keki. Nyinyi mna ile dawa ya maji inayoganda ikawa ngumu na unaona hadi chini. Nimiminie bahari ya kutosha upande mzima wa meza. Karatasi ya kipimo nimeikunja humu, imechorwa pembe za ufukwe na nguzo za gati. Mimina kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, na mawimbi yawe madogo, siku ile bahari ilikuwa imetulia.

Itakuchukua likizo yako yote, najua. Lakini mtu mwingine nimwombe nani?

Baba yako

10 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Nakuandikia kimya kimya, usimwambie baba. Ananizungusha. Mwaka jana nilipotaka kuja alisema bomba limepasuka. Baadaye akasema anasafiri, na hakusafiri. Sasa eti rangi, halafu ananipa bahari nzima niimimine ili nisipate nafasi ya kupanda basi. Naogopa anaumwa na hataki nione. Mama naye alituficha hivyohivyo, tulipokuja kujua hakukuwa na la kufanya.

Wewe unakaa ng'ambo ya mji tu. Nakuomba siku moja upitie, umtazame anavyotembea, uangalie kama anakula, halafu uniambie ukweli hata kama ni mchungu. Tangu mama aondoke, ukiniambia wewe jambo ndiyo naamini.

Bahari nimeianza. Tabaka la kwanza limeganda na kiputo katikati, nikalia kama mtoto.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimepitia kwa baba yako Jumamosi. Ondoa wasiwasi. Anatembea vizuri, anakula, tena amenenepa, mashati yamekuwa ya kubana. Moyo wake umo kwenye hiyo meza tu. Anaipenda kuliko watu. Asubuhi akishaiwasha hiyo treni huwezi hata kuendelea kulala, inazunguka mpaka kikombe kinacheza kwenye kisahani. Ukimwambia apunguze, anasema hasikii, na kweli hasikii!

Usimwone anakuzungusha. Wanaume wakizeeka wana aibu zao. Mwache amalize, akikuita uje. Wewe tumiminie bahari yetu vizuri.

Nakubusu mashavu yote mawili.

Mama yako mdogo

6 Mei

Baba, shikamoo.

Bahari imekwisha. Kiputo nilikichimba kwa mashine ya meno nikakijaza tena, hutakijua kilipokuwa. Chini nimeweka mchanga wa kweli na kivuli cha gati. Ukiinamisha kichwa unaona maji yanakuwa mazito kadiri yanavyokwenda mbali. Wenzangu wa maabara wamekuja mmoja mmoja kuitazama, hata mkuu, akaigusa akitegemea italoa.

Siwezi kuipakia kwenye basi la mizigo. Wataiweka chini ya magunia. Nitaileta mwenyewe.

Kijino wako

11 Mei

Mwanangu,

Usiilete. Nimezungumza na dereva, ataiweka kiti cha mbele na kuifunga mkanda kama abiria. Huku mambo hayajakaa sawa. Mpe dereva. Nitakueleza.

Baba

21 Mei

Baba,

Barua yako ya kunizuia niliisoma nikiwa nimeshakata tiketi. Lakini hata ningeisoma kabla, ningekuja. Nilishajua kuna kitu. Mama mdogo aliniandikia kwamba treni yako asubuhi haimwachi mtu kulala. Nikajiuliza, mtu anayelala ng'ambo ya mji ataisikiaje treni ya mezani?

Nimekuja nimeipakata bahari njia nzima. Watu walikuwa wananipisha kama nimebeba mgonjwa. Nikagonga mlango wa nyumbani kwetu, akanifungulia yeye, na malapa ya nyumbani na taulo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Hakuniambia "umekuja." Aliniambia, "Karibu, mwanangu," kama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni. Halafu akasikia mwenyewe alichosema, akaziba mdomo.

Nyumba haijapakwa rangi popote, Baba. Hata kiambaza cha jikoni bado kina zile alama za kimo changu.

Yeye alikwenda uani kukuita. Mimi niliingia chumbani kwangu. Nataka ujue ni nini nilichokiona kabla hujaingia na kuanza kusema mambo ya chai.

Meza ni nzuri. Sitakunyima hilo. Stesheni ina saa, kilima kina majani. Nikawatafuta watu wangu. Nilijikuta mimi ufukweni na ndoo yangu. Mama yupo kwenye kiti, mbele ya ubao mtupu panapongoja bahari. Nyuma yake hakuna mtu. Pembeni yangu hakuna aliyepiga magoti. Nikadhani hujawagundisha bado. Kisha nikainua macho nikawaona juu, kwenye roshani ya nyumba ya wageni. Wewe na kofia yako. Na yeye umemkata magoti, umemnyoosha, umemsimamisha. Umempaka gauni la kijani. Umempaka uso, umempaka mpaka midomo.

Mama hana uso. Amekaa pale uso mtupu kama jino lisilochongwa. Miezi yote hii, Baba.

Mimi na mama tulilala chini siku zile, chumba cha karibu na jiko, kwa sababu hakuweza ngazi. Nyinyi mlilala juu. Nakumbuka mlituambia vyumba vya juu viko mbali mbali.

Ulipoingia ulisema, "Umefika, bahari iko wapi?" Hilo ndilo neno lako la kwanza. Nimeondoka nayo. Iko hapa kwangu, juu ya kabati.

Sikukuamkia siku ile, na leo pia sikuamkii.

27 Mei

Mwanangu Kijino,

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi. Kweli, nimemwoa mama yako mdogo. Ilikuwa mwaka jana, bila sherehe, watu wawili na mashahidi wao. Nilitaka kukwambia kila wakati, kila wakati nikaona subiri kidogo. Bomba halikupasuka. Rangi ni uongo. Kwa hayo nipige unavyotaka.

Lakini hilo la roshani unalikuza. Hizi ni kazi za maonyesho. Mtazamaji anasimama mbele ya meza, jicho lake linaanzia juu. Roshani ikiwa tupu nyumba inaonekana imekufa. Nilihitaji watu wawili pale, nikawachukua waliokuwa karibu na mkono. Sura ya mama yako nilikuwa naiacha mwisho kwa sababu ni ngumu. Ni visanamu, mwanangu. Ni plastiki ya ufizi.

Mama yako alikuwa ameshafariki miaka mingi. Mtu hawezi kula peke yake maisha yake yote akizungumza na redio asiyoisikia.

Ukumbi unafunguliwa katikati ya mwezi wa sita. Nimeshawaambia wenzangu kuna bahari, na kwamba binti yangu ndiye aliyeimimina. Usiniaibishe.

Baba yako

28 Mei

Mwanangu,

Baba yako amenionyesha barua yako. Miaka yote hii hujawahi kuandika barua nyumbani bila shikamoo. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nani alikusuka nywele mama yako alipokuwa hawezi kunyanyua mikono? Nani alikupeleka shule siku tuliyotoka kumzika? Hukuniita mama mdogo tu, ulifika mahali ukaniita mama, mimi ndiye niliyekwambia usinizoee hivyo. Leo unanipima kwa kidude cha ukubwa wa ukucha?

Kuhusu barua yangu ya mwezi wa nne, nilikosa namna. Uliniuliza kama anaumwa, nikakujibu haumwi. Haumwi. Hapo sikusema uongo.

Na hayo ya likizo achana nayo. Ulikuwa mtoto. Mtoto anaona nini?

Mama yako mdogo

2 Juni

Mama mdogo,

Ulinisuka, sijasahau. Ulikuwa unanivuta nywele halafu unapuliza pale panapouma. Ndiyo maana ulikuwa wewe niliyekutuma ukamwangalie baba. Nilikutuma uende nyumbani kwako mwenyewe, ukaniandikia "nimepitia Jumamosi." Ulipoandika hivyo ulikuwa umekaa kiti gani? Nadhani cha mama, kile cha karibu na dirisha, kwa sababu nilikiona kina mto mpya.

Kama mngeniambia, ningekasirika mwezi mmoja, wa pili ningekuja kula. Watu wanafiwa, watu wanaoana, hata na mashemeji. Hilo ningelimeza. Lakini mlinipa kazi ili nisije. Nilikuwa nakaa maabara baada ya wenzangu kuondoka, nashika uso wako kwa koleo nisije nikakuvunja kidole, huku nyinyi mnahesabu basi gani sitapanda.

Umeniuliza mtoto anaona nini. Swali zuri. Tangu siku ile nalifikiria.

9 Juni

Mwanangu,

Nimerekebisha. Nimekesha nalo. Mama yako mdogo nimemtoa roshani, nimempigisha magoti tena, yuko pembeni yako na kijiko cha kuchotea mchanga. Gauni nimelirudisha rangi uliyoipaka wewe. Mimi nimesimama nyuma ya kiti cha mama yako, kofia kichwani, mkono begani kwake. Na uso wake nimeupaka. Umetoka vizuri, umetoka yeye mwenyewe, anaitazama bahari na anatabasamu. Kwenye roshani nimeweka abiria wawili wasiojulikana.

Sasa iko kama ulivyoikumbuka wewe. Njoo uone. Usipokuja, basi nitumie bahari. Jumamosi wanakuja watu, na mbele ya mama yako kuna ubao wa mninga wenye tundu za misumari. Nitawaambia nini, kwamba tulikwenda likizo kwa seremala?

Nakuomba kama baba.

Baba yako

12 Juni

Baba,

Bahari hiyo inakuja na dereva. Nimeifunga mwenyewe kwenye kiti cha mbele. Ukiipokea ishike kwa pembe, na usiifute kwa kitambaa kikavu, itakwaruzika. Nimeituma kwa sababu ni kazi yangu na iko kamili, na sitaki mama akae mbele ya ubao wenye tundu za misumari.

Lakini wale watu warudishe.

Warudishe juu, wote wawili, na gauni la kijani. Uliyajua mambo yalivyokuwa, mkono wako ukayaweka pale bila wewe kuuambia. Umenidanganya kwa simu usiyoisikia, kwa bomba, kwa rangi, kwa safari. Mahali pekee ulipowahi kuniambia kweli ni pale kwenye roshani, nawe umekesha ukiifuta ili inipendeze. Mimi hainipendezi. Huo mkono ulioweka begani kwa mama, siku ile haukuwepo. Mama mdogo aliniuliza mtoto anaona nini. Nimekaa nikatafuta, na nimeona.

Kila mchana baada ya chakula mlikuwa mnakwenda kununua soda, na mlikuwa mnachelewa. Mimi na mama tulibaki ufukweni. Siku ya pili nilijaza ndoo yangu maji nikamletea aone samaki mdogo niliyemkamata. Nikamkuta amegeuza kiti. Watu wote wametazama maji, yeye peke yake ameyapa mgongo, ameinua uso kuelekea majengo. Nikamwambia, "Mama, bahari iko huku." Akasema, "Nimeshaiona, mwanangu. Cheza." Nilidhani upepo unamwingia machoni, kwa sababu yalikuwa yanatoka maji. Nikaja kukaa upande ule ili nimkinge upepo.

Hakukuwa na upepo, Baba. Uliniambia mwenyewe nitengeneze mawimbi madogo.

Kwa hiyo alijua. Alijua, akarudi nyumbani na sisi kwenye behewa moja, akatupikia, akazidiwa na ugonjwa, na akamwacha mdogo wake anisuke nywele. Hakuniambia neno. Nyinyi mlikuwa mnamficha mtu aliyekuwa anawatazama.

Jumamosi waache watu waone. Hawatajua wanachokiona, watadhani ni mji mzuri tu wa likizo, na watoto watapiga makofi treni ikipita. Sitakuwepo, na mwezi wa saba pia usinitarajie. Nikiwa tayari nitaandika. Msiniandikie kwanza.

Kitu kimoja tu nakutaka, kabla hujaiweka bahari mahali pake. Mgeuze mama. Futa hilo tabasamu, halafu mgeuze na kiti chake, maji yawe mgongoni, uso uelekee roshani. Utahitaji wembe, maana gundi ile ninaijua, haiachii kwa kubembelezwa. Mkate taratibu chini ya miguu ya kiti. Usimvunje.

Binti yake